Tukuite Nani?

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, nilikuwa naendesha mkutano wa Zoom wa watu 34. Wiki iliyotangulia memo ilikuwa imetoka makao makuu, Marekani: kuanzia sasa, kila mkutano uanze kwa kila mtu kutaja jina, kazi yake na viwakilishi vyake. Yaani "she", "he", "they", ama chochote ambacho mtu anataka kitumiwe anapotajwa kwa Kiingereza. Mimi nilifurahia. Nilikuwa nimesoma makala mbili tatu na nikaona hii ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni kwa watu. Nikaanza kuita majina kwa mpangilio wa nyuso kwenye skrini.

Wa kumi na moja alikuwa mwenzangu ambaye tulikuwa tumeketi naye meza moja kwa miaka miwili. Alitaja jina. Alitaja kazi. Akanyamaza. Nilidhani ni netwaki. Nikasema, kwa ile sauti changamfu ya mtu aliyepewa mkutano kuongoza, "Na viwakilishi vyako je?" Kukawa kimya mpaka honi ya matatu ikasikika kutoka kwa mtu aliyesahau kuzima maiki. Kisha akajibu. Tukaenda kwa wa kumi na mbili.

Mkutano ulipoisha alinitumia WhatsApp: "Nilikuwa nimepanga kuambia watu watatu. Wewe umenipanga mbele ya 34."

Nimekaa na huo ujumbe muda mrefu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alinipa sharti moja: usiseme nilijibu nini. Nitalitimiza, na Kiswahili kitanisaidia. Ningekuwa naandika kwa Kiingereza, ningekuwa nimeshachagua kiwakilishi kwenye aya ya pili, na kwa kuchagua ningekuwa nimesema.

Tangu siku hiyo nimesoma na kusikiliza mapingamizi mengi kuhusu hili jambo la viwakilishi kazini. Nimeyasikia kwa lifti, kwa kibanda cha chakula, kwa kundi la WhatsApp la ofisi, kwa mahubiri. Mengi ni mabaya, yaani hayajafikiriwa. Machache ni mazuri, na yale mazuri hayatoki pale nilipotarajia. Nataka kuyahakiki vile mtu anavyohakiki hadithi: nani anasema, anamwambia nani, na nani hayupo.

Pingamizi la kwanza kila mtu analijua: haya ni mambo ya wazungu. Kusema kweli, nusu yake ni sahihi. Ile memo haikuandikwa Nairobi na hakuna aliyetuuliza. Lakini tazama kilichofuata. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Rais Donald Trump alitia saini agizo kwamba serikali ya Marekani itatambua jinsia mbili tu. Kufikia tarehe 31 mwezi huo huo, wafanyakazi wa idara kadhaa za serikali yao walikuwa wameagizwa kufuta viwakilishi kwenye saini za imeili. Ni mwezi ule ule pesa za misaada za Marekani zilisimamishwa na watu wengi hapa Nairobi wakaanza kufungasha madawati. Kwetu memo ya pili ilikuja ikiwa fupi kuliko ya kwanza. Toeni. Hakukuwa na maelezo, na wala mara hii hakuna aliyetuuliza.

Wale waliokuwa wakisema "mambo ya wazungu" walishangilia. Mimi nikashangaa: na hii ya kutoa, si pia ni ya wazungu? Na vifungu vya 162 na 165 vya sheria yetu ya adhabu, ambavyo vinaweza kumfunga mtu miaka 14, si tulivirithi kutoka kwa mkoloni? Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta, kwa hivyo bado vipo. Kama kigezo chetu ni mahali jambo lilipotoka, basi tukitumie pande zote. Ama tukubali kwamba swali halisi si nani alileta, swali ni kinamfanyia nini mtu aliye mbele yako.

Pingamizi la pili ndilo linalonigusa kama mpenzi wa lugha: sisi hatuhitaji, Kiswahili hakina jinsia. Yeye ni yeye. Anakuja, amefika, ameenda lunch. Hilo ni kweli na ni la kujivunia. Wasweden waliingiza neno "hen" kwenye orodha rasmi ya maneno ya Akademia yao mwaka 2015 ili wawe na kiwakilishi kimoja cha watu wote; bibi yangu alikuwa nacho bila kamati yoyote. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare ikawa Mabepari wa Venisi, iliyotoka 1969, alikuta Portia akiingia mahakamani kwa mavazi ya kiume, na kwa Kiingereza wenzake wanamwita "he". Kwa Kiswahili "a-" moja inatosha, awe amevaa nguo gani.

Lakini hebu tuwe wakweli. Kwanza, ofisi zetu hazifanyi kazi kwa Kiswahili. Tunataniana kwa Kiswahili na Sheng, tunafutwa kazi kwa Kiingereza. Ripoti ya mwaka, barua ya mapendekezo, kumbukumbu za mkutano, kila mahali kuna "he" ama "she" inayomsubiri mtu. Huwezi kusema lugha yako imekukinga huku umeiacha nje kwa mlinzi.

Pili, jinsia ya Kiswahili haikupotea, ilihamia nyumba nyingine. Iko kwenye vitenzi: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Ukimuuliza mtu ofisini "utaoa lini?" umeshamwekea mwili. Iko kwenye salamu na maneno ya heshima: kaka, dada, mama, mzee, madam, mkubwa. Mlinzi wa getini hana haja ya kiwakilishi. Akisema "karibu madam" ameshaamua, na sauti yake ikipanda mwishoni kama swali, kila mtu kwenye foleni anageuka kuangalia.

Na tatu, hili ndilo linaniuma zaidi. Sote tulikaririshwa ngeli shuleni: A-WA ya watu na wanyama, KI-VI, LI-YA, I-ZI. Mswahili akitaka kukutusi kabisa hahitaji kukutoa kwa wanaume akupeleke kwa wanawake. Anakutoa kwenye A-WA. Anakwambia "jitu hili". Anasema "kile". Siku moja mimi na huyo mwenzangu tulikuwa tumeketi kwa kibanda karibu na ofisi, chapati na maharagwe mbele yetu. Mwanaume mmoja wa meza ya pili alimkagua kutoka viatu hadi nywele, akamuuliza rafiki yake kwa sauti: "Na hii sasa ni nini?" Hakusema "huyu ni nani". Alisema "hii" na alisema "nini". Mwenzangu aliendelea kukata chapati. Mimi nilinyamaza na kuangalia simu, na sitajifanya hapa kwamba nilisema kitu.

Kwa hivyo mtu akiniambia Kiswahili hakina shida ya viwakilishi, nakumbuka ile "hii". Lugha yetu haiulizi kama wewe ni mwanaume ama mwanamke. Inaweza kuuliza kama wewe ni mtu.

Pingamizi la tatu ni la dhamiri: usinilazimishe kusema nisichoamini. Wengi wa wanaolisema ni watu wa dini na wengi wa wanaowajibu huwacheka. Mimi sitacheka, maana ni watu wangu, na ugali wa Jumapili tunakula pamoja. Marekani jambo hili limefika mahakamani. Profesa mmoja wa chuo cha Shawnee State kule Ohio, Nicholas Meriwether, aliadhibiwa kwa kukataa kumtaja mwanafunzi wake kwa viwakilishi alivyotaka. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kesi yake dhidi ya chuo inaweza kuendelea, na mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama kwa dola 400,000. Kwa hivyo si hoja ya watu wasiojua lolote.

Shida yangu na hoja hii ni kwamba inafunga mambo matatu kwa kamba moja. Kuna kujitaja: mimi niseme viwakilishi vyangu. Kuna kuuliza: nikuulize wewe vyako. Na kuna kuita: ukishaniambia, nikuite hivyo. Ukiyatenganisha, pingamizi la dhamiri lina nguvu kwa la kwanza. Hakuna sababu mtu alazimishwe kujitaja mbele ya watu kama anaona kujitaja huko ni kukiri imani asiyokuwa nayo. Hapo nakubali kabisa.

Lakini kwa la tatu, la kuita, hoja inalegea, hasa hapa kwetu. Sisi ni watu wa kuitana vile mtu anavyotaka. Jirani yetu anaitwa Mama Otis, na jina la kitambulisho chake wengi wetu hatulijui. Tunaita "Mheshimiwa" watu ambao hatuwaheshimu hata kidogo. Tunaita "Daktari" mtu wa duka la dawa, "Injinia" fundi wa nyaya, "Mzee" kijana wa miaka 38 mwenye gari, "Pasta" mtu ambaye kanisa lake tuliliona likianza mwezi jana chini ya hema. Hakuna anayesema dhamiri yake imechafuka. Hakuna anayedai kuona cheti. Tunajua kwamba kumwita mtu jina lake si kutia sahihi chini ya kila anachoamini kujihusu. Ni kumpa nafasi ya kukaa. Sasa kama mtu anaweza kumwita mwizi wa pesa za umma "Mheshimiwa" kutwa nzima, kisha anashindwa na silabi moja ya Kiingereza kwa mwenzake wa meza moja, mimi nauliza kama kweli inayogoma ni dhamiri.

Pingamizi la nne nililisikia kwa mwanamke wa idara ya data, mmoja wa wawili kwenye timu ya watu tisa. "Miaka yote nimejaribu watu wasome kazi yangu kabla hawajajua mimi ni mwanamke," alisema. "Sasa mnataka niandike chini ya kila imeili?" Sikuwa na jibu. Dada wa familia ya Brontë walitoa mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell kwa sababu ileile: hawakutaka jinsia iingie chumbani kabla ya maneno. Kuna watu ambao kutokusema ndiyo kinga yao. Mpango uliotengenezwa ili kusaidia walio wachache unaweza kumvua mwingine mwavuli aliojitengenezea mwenyewe.

Na hapo ndipo ninarudi kwa lile la kumi na moja kwenye skrini.

Pingamizi la tano, ambalo ndilo kali kuliko yote, halisemwi na wanaopinga. Linasemwa na wale ambao mpango wote ulidaiwa kuwa kwa ajili yao. Ukimzungushia mtu duara na kumwambia "taja", umempa njia tatu. Aseme ukweli, ajifichue kabla hajawa tayari, mbele ya watu ambao hakuwachagua. Aseme uongo, ajikane mwenyewe kwa sauti yake, na isikike. Ama anyamaze, na kunyamaza kwake kuwe jibu. Mtu ambaye jambo hili halimgusi anajibu kwa sekunde mbili na kusahau. Gharama yote inabebwa na yule mmoja.

Kwa Kenya gharama hiyo si ya aibu tu. Kuna mwenye nyumba. Kuna shangazi ambaye binti yake anafanya kazi idara ya fedha. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliposema kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji haliwezi kunyimwa usajili, wiki zilizofuata redio na mimbari ziliwaka moto, na watu waliokuwa wanaishi kimya kimya wakapunguza hata kutoka nje. Memo iliyoandikwa mahali ambapo mtu akifukuzwa kazi ana mahali pa kushtaki haijui mambo haya. Marekani Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2020, kesi ya Bostock, kwamba kumfuta mtu kazi kwa sababu ni shoga ama amebadili jinsia ni ubaguzi chini ya sheria ya ajira. Aliyeandika memo yetu alikuwa ameketi juu ya uamuzi huo kama kiti. Mwenzangu hakuwa na kiti hicho.

Je, basi tuache tu? Hapa ndipo wanaopinga wanaponipoteza tena. Kwa sababu kutouliza kabisa pia si usalama. Kumbuka kesi ya Audrey Mbugua. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliagiza baraza la mitihani limpe cheti kipya cha KCSE chenye jina lake la sasa na bila alama ya jinsia. Kabla ya hapo, kila alipohitaji kuonyesha cheti, karatasi ilikuwa inasema jambo moja na mtu aliyesimama pale jambo lingine. Hakuwa anataka kuzungushiwa duara. Alitaka karatasi iache kumsema. Kumbuka pia kwamba sensa ya 2019 iliwahesabu watu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524. Hao wapo, wanatafuta kazi, wanajaza fomu zenye visanduku viwili. Ukimya wetu haukuwahi kuwa mtupu, siku zote umekuwa ukiwajazia kisanduku.

Kwa hivyo nimefika mahali ambapo hapatapendeza upande wowote. Naona walio na dhamiri wako sahihi kwamba kujitaja kusiwe lazima, lakini wamekosea wakidhani hilo linawapa ruhusa ya kumwita mwenzao vile wanavyotaka wao. Naona waliotuletea memo walikuwa sahihi kwamba mtu aitwe anavyotaka, lakini walikosea walipogeuza adabu kuwa gwaride. Na mimi nilikosea kwa sababu rahisi zaidi: nilipenda kuonekana mtu mwema kuliko nilivyompenda aliyekuwa mbele yangu. Kimya chake kilikuwa jibu tayari. Mtu yeyote aliyelelewa hapa anajua kusoma kimya. Mgeni akisema ameshiba, unajua kama ameshiba ama anaona haya. Mimi niliweka ujuzi huo kando kwa sababu memo haikuutaja.

Siku hizi nikiongoza mkutano naanza kwa Kiswahili, hata kama tutageukia Kiingereza baadaye. Nauliza swali moja: "Tukuite nani?" Si swali jipya. Ndilo mama yangu anaulizia mgeni kabla ya chai. Ndani yake mna jina, mna cheo kwa anayetaka cheo, mna viwakilishi kwa anayetaka kuvitaja, na mna nafasi ya kutosema kitu. Mwezi jana majibu yalikuwa: Mama Tiffany. Odhis. Injinia. "Jina langu tu, hiyo inatosha." Mmoja alitaja jina na kuongeza "they" kwa Kiingereza, na mtu wa HR akaandika kama ilivyo, na tukaanza ajenda. Sijui kama hilo ni suluhisho. Najua hakuna aliyenyamaza kwa kuogopa.

Yule mwenzangu aliacha kazi miezi mitatu baada ya ile Jumatatu. Alisema amepata mahali pazuri zaidi, na labda ni kweli. Bado tunaandikiana. Nilimtumia makala haya kabla ya kuyatoa ili aseme kama nimevunja sharti. Alikaa nayo siku mbili. Kisha akajibu kwamba hajaona tatizo, isipokuwa kosa dogo pale mwanzo.

"Sikuwa wa kumi na moja," aliandika. "Nilikuwa wa tisa. Nilikuwa nahesabu."